Umesoma sheria, unataka kazi kwa wahasibu? Anzia kwenye karatasi ya korosho

Kabla hujaandika CV, mwombe mjomba karatasi ya malipo ya korosho ya msimu uliopita. Newala na Masasi ni nadra kukuta nyumba yenye mikorosho ikakosa karatasi hiyo. Iko kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na kadi za kliniki na kadi ya mpiga kura. Ikunjue mezani. Juu kuna kilo na bei ya mnada. Chini yake kuna makato, mstari kwa mstari. Mwisho kabisa, kilichobaki.

Sasa chukua kalamu. Pembeni ya kila kato andika sheria, kanuni au azimio la mkutano linaloliruhusu. Utakwama mstari wa pili. Usijali, hata mimi nilikwama hapo hapo. Lakini kazi uliyoianza ndiyo kazi yenyewe. Kwenye kampuni kubwa za uhasibu mhitimu wa sheria analipwa kwa jambo hilo: aonyeshwe namba, aseme imetoka kifungu gani. Au aonyeshwe kifungu, aseme kitazaa shilingi ngapi.

Anza na ushuru wa halmashauri. Kwa mazao ya biashara ni asilimia 3, na chanzo chake ni Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290. Mjomba akiuza kilo 500 kwa shilingi 3,000, mauzo ni 1,500,000 na ushuru ni 45,000. Hapo mwenzako wa uhasibu amemaliza. Wewe bado. Sheria inamtaja nani kuwa mlipaji, mnunuzi au mkulima? Asilimia inahesabiwa kwenye bei ipi? Kato la chama cha msingi na la chama kikuu lilipitishwa na mkutano upi, tarehe gani? Ukipata majibu hayo kwa maandishi umefanya mazoezi mazuri kuliko kozi nyingi za mtandaoni ninazozijua.

Jua mlango unaogonga

Kwetu ukimaliza shahada ya sheria unaulizwa swali moja lenye majibu mawili: utakuwa hakimu au wakili? Huu mlango wa tatu wengi hawauoni. PwC, Deloitte, KPMG na EY zote zina ofisi Dar es Salaam. Idara zao za kodi huchukua watu wa sheria na kuwakalisha meza moja na wahasibu. Nyuma yao zipo kampuni za kati, na huko nako watu hao hao wanatakiwa.

Barua yako itaje idara ya kodi kwa jina. Ukiandika tu kwamba unaomba "nafasi yoyote", barua inaweza kuangukia kwa watu wa ukaguzi, na huko utashindanishwa na watu wa B.Com kwenye uwanja wao wa nyumbani.

Usijiuze kama nusu mhasibu. Jiuze kama msomaji wa sheria asiyeogopa asilimia.

Zoea hesabu iliyojificha ndani ya maneno

Chukua mfano mwingine wa nyumbani. Sheria ya Tasnia ya Korosho, Sura 203, inatoza ushuru kwenye korosho ghafi zinazosafirishwa nje: asilimia 15 ya bei ya FOB (bei ya mzigo ukishapakiwa melini), au dola 160 kwa tani, kinachozidi kati ya hivyo viwili. Wengi wanasoma "asilimia 15" wanafunga kitabu. Wewe fungua kikokotoo.

Tani ikiwa na bei ya dola 1,400, asilimia 15 ni dola 210. Lipa 210. Bei ikiporomoka hadi dola 1,000, asilimia 15 ni 150, lakini sheria inasema kinachozidi, kwa hiyo unalipa 160. Mstari unaotenganisha hali hizo mbili uko karibu na dola 1,067. Chini ya mstari huo bei inaendelea kushuka na ushuru unabaki pale pale. Sasa jiulize mnunuzi atalifidia wapi hilo pengo. Fuata bei kurudi nyuma, kutoka bandari ya Mtwara mpaka ghalani, mpaka kwa mjomba.

Sheria hiyo hiyo ina somo la pili. Awali asilimia 65 ya ushuru ule ilirudi kuendeleza zao lenyewe. Mwaka 2018 Bunge likarekebisha, fedha zote zikaelekezwa Hazina, na wabunge wa kusini wakapinga kwa nguvu bila kufanikiwa. Kiwango hakikuguswa, kilichobadilika ni mahali fedha zinapokwenda. Ukimsomea mteja sheria ya kodi, angalia vyote viwili.

Ukishazoea hizo, ingia kwenye tovuti ya TanzLII. Ni bure, na hukumu za kodi zimejaa. Soma ya Tullow Tanzania BV dhidi ya Kamishna Mkuu wa TRA, Rufani ya Madai Na. 24 ya 2018. Kampuni ya utafutaji wa mafuta na gesi iliwalipa watoa huduma wa nje, na kazi ikafanyika huko huko nje. Je, ilipaswa kukata kodi ya zuio ya asilimia 15? Ugomvi mzima ukasimama juu ya maana ya huduma "kutolewa" Tanzania. Mahakama ya Rufani ikatazama aliyeipokea huduma na kuilipia yuko wapi, ikasema chanzo cha malipo ni Tanzania, na kodi ilipaswa kukatwa. Kila malipo yalikuwa na asilimia 15 iliyoning'inia kwenye neno moja. Mhasibu mzuri anaweza kulipita neno hilo mara kumi. Wewe umesoma miaka minne ili usilipite.

Usisome hukumu 50. Soma 5, na kila moja uiandikie nusu ukurasa: nani alidaiwa, kiasi gani, neno gani lilibishaniwa, nani alishinda na kwa nini. Kurasa hizo zitakufaa siku ya usaili.

Na jambo dogo linaloaibisha watu: angalia toleo la sheria unalonukuu. Toleo la Marekebisho la mwaka 2023, lililoanza kutumika 2025, limebadilisha namba za vifungu kadhaa. Notisi zako za chuo zinaweza kuwa na kifungu sahihi chenye namba ya zamani.

Hesabu kiasi gani zinatosha?

Si nyingi. Jua mizania, jua taarifa ya mapato, jua tofauti ya faida na fedha taslimu, jua debiti na krediti zinaenda upande gani. Wiki tatu za jioni zinatosha kama hutatazama simu.

Mazoezi hayana gharama. Mabenki huchapisha hesabu zao za kila robo mwaka magazetini, hata lile gazeti lililofungia maandazi linaweza kuwa nazo. Tafuta mstari wa faida kabla ya kodi. Tafuta mstari wa kodi. Gawanya kodi kwa faida. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, lakini jibu lako mara nyingi halitakuwa 30 kamili. Kwa nini? Kuna gharama sheria haizikubali, na kuna uchakavu ambao kampuni inauhesabu kivyake na sheria ya kodi kivyake. Ukiweza kulieleza pengo hilo kwa sentensi tatu, umeshazungumza lugha ya ofisini.

Jifunze Excel pia, na uijue vizuri. Kujumlisha kwa masharti, kulinganisha orodha mbili ndefu, kutengeneza jedwali la muhtasari. Mwanasheria anayeweza kulinganisha ankara 2,000 na ritani za VAT bila kuomba msaada anapendwa haraka.

Law School kwanza, au kazi kwanza?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi. Nafasi nyingi za kuanzia kwenye idara za kodi hazidai uwe wakili. Ila usilikimbie suala lenyewe.

Ushauri wangu: kama ada ipo, nenda Law School, yaani Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, mara baada ya shahada. Ukishaingia kazini, kuomba ruhusa ya mwaka mzima ni kama kumwomba dereva wa basi la Masasi ashushe abiria wote akusubiri. Kama ada haipo, usikae Newala unaisubiri. Omba kazi, weka akiba, utakwenda baadaye.

Na ukienda, nenda kusoma. Mwaka 2022 matokeo ya awamu moja yalitikisa nchi: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu masomo yote kwa mkupuo walikuwa 26, mpaka Wizara ya Katiba na Sheria ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Pale si mahali pa kupitishia muda huku unasikilizia ajira.

Kuhusu CPA, ile sifa ya kitaaluma ya uhasibu, usiikimbilie mwaka wa kwanza. Mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, hufanyika Mei na Novemba, na mtu mwenye shahada isiyo ya uhasibu hapangiwi ngazi sawa na mwenye shahada ya uhasibu. Waandikie mapema ukiambatanisha matokeo yako, wakuambie utaanzia wapi. Kama nia yako ni kubaki kwenye kodi, mimi ningetanguliza stashahada ya uzamili ya kodi pale Chuo cha Kodi, Dar es Salaam. CPA ifuate ukishajua kwamba kazi hii unaipenda kweli.

Tumia miezi ya kijijini

Matokeo ya mwaka wa mwisho yametoka, uko nyumbani, na watu wameanza kukutuma dukani. Miezi hiyo ni mali.

Omba kujitolea mahali penye karatasi za fedha na sheria kwa pamoja. TANECU, chama kikuu cha wakulima wa Tandahimba na Newala, kiko pale pale Newala. Watu wa Masasi wana MAMCU. Kuna kitengo cha mapato cha halmashauri, na kuna TRA. Nenda na barua ya chuo, vaa nadhifu, sema unaweza kufanya nini na kwa muda gani. Usiseme "naomba niwe najifunza tu". Sema: "Naomba wiki sita. Nitapanga mikataba yenu ya ghala na usafirishaji, na nitawaonyesha ipi haijalipiwa ushuru wa stempu."

Ukishafanya, CV yako ibebe namba. "Nilisaidia kitengo cha sheria" haimwambii mtu kitu. "Nilipitia mikataba 14, nikaorodhesha 5 isiyo na stempu, na kiasi kinachodaiwa kwa kila mmoja" inamfanya msomaji asimame. Bila shaka ziwe namba za kweli. Usaili mzuri huanzia pale pale ulipodanganya.

Beba pia hadithi moja ya nyumbani unayoijua kuliko anayekusaili. Ya stakabadhi ghalani ni nzuri. Sheria ilitungwa 2005, kwenye korosho mfumo ukaanza msimu wa 2007/2008. Eleza kwa dakika mbili: korosho zikiwa ghalani ni za nani? Risiti ya ghala inathibitisha nini? Mnunuzi akishinda mnada na asilipe, hatari inamwangukia nani? Na kwa nini kuna watu bado wanauza kangomba, nje ya mnada, usiku ingawa wanajua wanapunjwa? Kama unaona haya kuzungumza, nenda Shimo la Mungu pale Newala jioni, simama mbele ya bonde la Ruvuma na uongee kwa sauti. Hakuna atakayekucheka isipokuwa watoto wawili watatu wanaopita.

Siku ya usaili

Kampuni nyingi huanza na mtihani wa mtandaoni wenye muda maalumu. Usiufanyie kwenye simu yenye bando la kuokoteza. Shuka Masasi mjini au nenda Mtwara, tafuta kompyuta na umeme wa uhakika, fika saa moja kabla. Saa ya mtihani haikusubiri umeme urudi.

Ukiitwa Dar es Salaam, panda basi siku mbili kabla. Siku moja ni ya safari, nyingine ni ya kulala na kupiga pasi.

Tegemea kupewa kisa. Kwa mfano: "Mteja wetu amelipa kampuni ya ushauri ya Nairobi na hakukata chochote. Unasemaje?" Usianze na hotuba. Uliza kwanza: mlipaji ni mkazi wa Tanzania? Huduma ilikuwa ipi? Mkataba unasema kodi ni juu ya nani? Kisha sema kodi ya zuio kwa asiye mkazi ni asilimia 15, angalia kama kuna mkataba wa kuzuia kutoza kodi mara mbili, na gusia VAT ya huduma inayotoka nje. Tanzania ina mikataba ya aina hiyo na nchi kama India na Afrika Kusini, na wanaojiandaa wanajua kwamba na Kenya hakuna unaotumika. Ukikwama, taja sheria utakayoifungua na utakachokitafuta humo. Anayekusaili anataka kujua kama unaweza kuachwa peke yako na faili.

Kiingereza kinawatisha wengi waliosoma shule za huku kwetu. Kisikutishe. Ofisini watu wanaongea Kiswahili, wanaandika Kiingereza, na Kiingereza kinachotakiwa ni kifupi: nani, nini, kiasi gani, lini. Kile kirefu cha hukumu kiache chuoni. Mkiwa watano kwenye usaili, yule mwenye sentensi fupi husikika vizuri zaidi.

Miezi mitatu ya kwanza

Waraka wangu wa kwanza ulikuwa kurasa tisa. Nilianza na historia ya sheria, nikapita kwenye kanuni za tafsiri, nikanukuu hukumu za Uingereza. Meneja akasoma ukurasa wa kwanza, akafunua wa mwisho, akanirudishia. "Alipe au asilipe?" Nikaanza kueleza. Akainua kidole. "Alipe au asilipe?"

Tangu siku hiyo waraka wangu unaanza hivi: mteja alipe, kiasi hiki, kabla ya tarehe hii. Ndipo sheria. Ndipo hatari iliyopo ikiwa nimekosea. Ukurasa mmoja na nusu. Atakayetaka historia ataniuliza, na mpaka leo hajatokea.

Kosa la pili lilinikosesha usingizi. Makadirio ya kodi yalifika kwa mteja, yakapokelewa na mlinzi getini siku ya Ijumaa, yakakaa kwenye droo. Mimi nikayaona siku tisa baadaye, nikaanza kuhesabu siku zangu kutoka pale. Pingamizi la kodi linatakiwa ndani ya siku 30 tangu makadirio yapokelewe, na aliyeyapokea alikuwa yule mlinzi. Tuliwahi kwa siku moja tu. Kwa hiyo barua ya TRA ikitua mezani kwako, swali la kwanza ni hili: nani aliisaini, na tarehe gani? Piga picha bahasha. Andika tarehe ya mwisho kwenye kalenda yako na ya meneja, na weka nyingine ya siku kumi kabla yake.

Ukiwa hapo, mwambie mteja mapema habari ya fedha. Pingamizi halipokelewi bure: anatakiwa alipe kiasi asichokibishia, au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kinachozidi kati ya hivyo. Unaona? Ni yale yale maneno ya ushuru wa korosho. Amekadiriwa milioni 90 na anakubali milioni 20. Theluthi ni milioni 30. Alipe 30. Kama anakubali milioni 40, alipe 40. Kamishna anaweza kuombwa apunguze kwa sababu za msingi, lakini ombi hilo ni la maandishi na halingoji siku ya 29. Mteja akiambiwa siku ya 28 kwamba anahitaji milioni 30, atakukumbuka kwa ubaya maisha yake yote.

Zoea tarehe. Kodi ya mishahara na kodi ya zuio ni kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata. VAT ni tarehe 20. Kampuni inayofunga hesabu Desemba, ritani yake ya mwisho ni Juni 30. Mwezi huo huo wa Juni bajeti inasomwa Dodoma, na ofisi nzima inakesha kuuchambua Muswada wa Sheria ya Fedha ili wateja waamke na muhtasari. Hapo wewe ndiye mtu wa kutafutwa, maana muswada ni lugha yako. Usipange harusi Juni, hata ya mdogo wako.

Saa ulizofanya kazi ziandike siku ile ile. Ukitumia saa sita kwa kazi iliyopangiwa saa mbili, andika sita. Ukificha ili uonekane mwepesi, mwakani kazi hiyo itapangiwa tena saa mbili na atakayeumia ni anayekufuata.

Kila namba kwenye faili lako iwe na alama ya ilikotoka: ankara, mkataba, taarifa ya benki. Mwezi wa tisa mtu atakuuliza, na wewe utakuwa umeshasahau.

Kuna mipaka ambayo mwanasheria anaweza kuivuka bila kujua. Kama hujawa wakili, usiandae kwa malipo hati ambazo Sheria ya Mawakili, Sura 341, imewaachia mawakili, hata kama rafiki wa mteja anakuomba "mkataba tu mdogo". Tangaza hisa zako. Kama una hisa chache za benki kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam na kampuni yako inaikagua benki hiyo, sema siku ya kwanza. Na habari za mteja usizizungumzie kwenye basi. Barabara ya kusini ni ndefu, na jirani yako wa kiti anaweza kuwa shemeji wa mhasibu wake.

Karatasi yako mwenyewe

Siku ya mshahara wa kwanza, hesabu kabla hujafungua karatasi. Tuseme mshahara wa msingi ni 1,000,000, namba ya mfano tu. NSSF asilimia 10, zimekwenda 100,000. Zimebaki 900,000 za kutozwa kodi, na kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 kodi yake ni 103,000. Kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 150,000. Mkononi zinabaki 647,000.

Panga kodi ya chumba kwa hizo 647,000, usipange kwa milioni uliyoitangaza nyumbani. Kama karatasi inasema tofauti na hesabu yako, nenda kwa watu wa mishahara ukaulize kato kwa kato. Hakuna atakayekasirika, ndiyo kazi uliyoajiriwa kuifanya.

Nyumbani nako utaulizwa. Kwetu mjomba ana neno, na neno lake la kwanza litakuwa: "Sasa ile sheria umeiacha?" Usimweleze idara na vyeo. Mwambie: "Mjomba, serikali ikimdai mtu kodi, mimi naangalia kama inamdai sawasawa." Ataelewa. Akiendelea kunung'unika, mkumbushe Mkapa wa Lupaso: alisoma Kiingereza Makerere, akawa mhariri wa gazeti, balozi, waziri, mpaka rais, na sijasikia mtu wa Masasi akilalamika kwamba hakubaki kufundisha Kiingereza.

Likizo omba kuanzia Oktoba, minada ikianza. Ofisini kumetulia kidogo, na nyumbani kuna kazi na kuna fedha. Kama umeingia CPA, shika tarehe za Novemba kwanza ndipo ukate tiketi.

Ukifika, watakuja na karatasi zao. Jirani atakuja na ya korosho, mwenye duka na makadirio ya TRA, mwenye ghala na mkataba wa kurasa mbili. Mwenye duka muulize tarehe aliyopokea barua kabla hata hujakaa, na kama siku zinakimbia mwelekeze kwa mshauri wa kodi aliyesajiliwa. Mwenye ghala mpeleke kwa wakili. Wa korosho kaa naye barazani. Msomee kato kwa kato, na lile lisiloeleweka mwandikie swali moja kwa Kiswahili chepesi, aende nalo mkutano mkuu wa AMCOS, chama chake cha msingi, akaulize kwa mdomo wake mwenyewe. Fedha usipokee. Akikuletea kilo ya korosho zilizobanguliwa, hiyo pokea.